Kutoka Pumzi hadi Damu: Ubadilishanaji wa Gesi Mapafuni na Suala la Istilahi

Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili huitegemea pumzi katika mengi. Aliyechoka hupumzika, aliyeponea chupuchupu hushusha pumzi, mwenye maradhi ya kubanwa na kifua husemwa kuwa ana pumu, na aliyefariki husemwa kuwa amekata roho. Maneno pumua, pumzi, pumzika na pumu ni ya ukoo mmoja. Hata neno nafasi, ambalo leo humaanisha uwazi au fursa, huhusishwa na mzizi wa Kiarabu wa n-f-s unaobeba dhana za pumzi na nafsi. Hata hivyo, utajiri wote huu wa msamiati umejikita katika tendo moja, yaani hewa kuingia na hewa kutoka. Kile kinachotendeka baina ya kuingia na kutoka hakina maneno mengi katika lugha ya kila siku, ilhali hicho ndicho kiini cha kupumua kwenyewe.

Pengo hili haliwahusu wanaleksikografia peke yao. Katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia Limuru hadi Kinangop na Nyahururu, baridi ya Juni hadi Agosti huwafanya watu wengi kuingiza jiko la makaa chumbani wakati wa kulala. Taarifa za jamaa waliolala hivyo na wasiamke si ngeni masikioni mwa Wakenya. Majirani hueleza kwamba marehemu "walikosa hewa", au kwamba "moshi umewaua". Maelezo yote mawili yana kasoro. Hewa ilikuwamo chumbani, na oksijeni ilikuwamo ndani ya hewa hiyo. Mapafu yaliendelea kujaa na kupwaya hadi dakika ya mwisho. Aidha, aghalabu hapakuwa na moshi wowote, kwa kuwa jiko liliwashiwa nje na kuingizwa ndani pale tu makaa yalipokolea. Kilichoharibika hakikuwa hewa wala pafu, bali mvuko uliopo baina ya pafu na damu. Makala haya yanaueleza mvuko huo hatua kwa hatua, na kuziangalia njiani istilahi ambazo Kiswahili kinazo kwa shughuli hii, zikiwamo zile zinazoangaza na zile zinazopotosha.

Njia ya hewa

Hewa ya kawaida ina nitrojeni asilimia 78, oksijeni karibu asilimia 21, na mabaki madogo ya gesi nyingine. Kabonidioksidi, ambayo huzungumziwa sana siku hizi kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, haifiki hata sehemu moja katika elfu. Mtu mzima aliyetulia huvuta takriban nusu lita ya hewa hiyo kwa kila pumzi, mara 12 hadi 16 kwa dakika.

Inafaa kusisitiza kwamba kifua hakipanuki kwa sababu hewa imeingia. Hewa huingia kwa sababu kifua kimepanuka. Chini ya mapafu kuna msuli mpana uliojikunja mfano wa kuba, unaotenganisha kifua na tumbo, nao huitwa kiwambo au diaframu. Msuli huu ukikaza hushuka, mbavu nazo huinuka, na nafasi ya kifuani huongezeka. Hewa ya nje basi hukimbilia ndani, kama inavyoingia katika mivukuto ya mhunzi pindi anapoifungua. Kwa hiyo Kiswahili kinaposema kuvuta pumzi kimesema kweli tupu. Hewa huvutwa, haisukumwi. Mashine ya hospitalini inayompumulia mgonjwa mahututi ndiyo inayosukuma, na kwa sababu hiyo wauguzi huichunga sana isije ikayaumiza mapafu.

Kutoka puani hewa hupita kooni, ikaingia katika bomba la pumzi, ambalo hugawanyika matawi mawili, kila tawi likazaa mengine mawili, na kuendelea hivyo takriban mara 23. Ni mti uliopinduliwa, shina juu na majani chini. Matawi ya mwanzo ni njia tu. Kuta zake ni nene, na hakuna gesi inayobadilishwa humo. Hewa inayojaza njia hizi, kadiri ya mililita 150 katika kila pumzi, huingia na kutoka bila kuifaa damu hata kidogo. Wanafiziolojia huiita sehemu hiyo nafasi mfu, na hapa neno nafasi limerudi kifuani lilikoanzia.

Hesabu ndogo itaonyesha umuhimu wa jambo hili. Mtu anayevuta mililita 500 mara 16 kwa dakika hupata lita 8 za hewa. Ukiondoa nafasi mfu, hewa inayofika panapohitajika ni lita 5.6. Mwingine anayetweta kwa mililita 200 mara 40 kwa dakika hupata pia lita 8, lakini kwake kinachofika ni lita 2 tu. Kwa nje huyu wa pili anaonekana kupumua kwa bidii zaidi, kumbe ndiye aliye hatarini. Ndiyo maana daktari anayemchunguza mtoto mwenye kichomi huhesabu pumzi zake na pia kutazama kina chake.

Mwishoni mwa matawi kuna vifuko vya hewa. Kila kifuko kina upana wa karibu sehemu moja ya tano ya milimita, na mapafu mawili ya mtu mzima yana vifuko takriban milioni 480. Kuta zake zikitandazwa zingefunika karibu mita mraba 70, sawa na sakafu ya chumba cha mihadhara chenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 7. Anayetaka ushahidi wa karibu na aende buchani akaombe kipande cha pafu la mbuzi, akitie majini. Kitaelea, ilhali ini na moyo vitazama. Pafu limesheheni hewa mithili ya sifongo. Jina lake la kale, yavuyavu, ambalo bado limo katika baadhi ya kamusi, linaashiria wepesi huohuo.

Ugunduzi kwamba damu yote hupita mapafuni una historia ambayo wasomi wa Kiswahili, wanaoijua nafasi ya Kiarabu katika lugha yao, wangefurahi kuijua. Kwa zaidi ya miaka elfu moja madaktari walimwamini Galen, Mgiriki aliyefundisha kwamba damu huvuka kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa moyo wenyewe. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu aliyefanya kazi Cairo na kufariki mwaka 1288, aliandika alipoifafanua kazi ya Ibn Sina kwamba ukuta huo hauna vitundu, na kwamba damu haina njia ila kupitia mapafuni, ichanganyike na hewa, kisha irudi moyoni. Hakuwa na hadubini ya kumwonyesha njia yenyewe. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1661, pale Marcello Malpighi, Mwitalia, alipoliangalia pafu la chura na kuona mishipa myembamba kupindukia iliyozunguka vifuko. Mishipa hiyo huitwa kapilari.

Utando na kanieneo

Kapilari hizo huvizunguka vifuko kwa wingi kiasi kwamba damu imekaribia kuwa tabaka moja jembamba lililotandazwa juu ya hewa. Kati ya hewa na damu kuna utando wenye unene wa nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, pengine pungufu. Karatasi ya kawaida ya kitabu ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa hiyo utando huu ni mwembamba kuliko karatasi mara 200. Huku kuna hewa, kule kuna damu, na vitu hivi viwili havigusani maisha yote ya mtu.

Swali ni je, ni nini kinachoivusha oksijeni? Mwanzoni mwa karne ya 20 swali hili liliwagawanya wataalamu. Christian Bohr, Mdenmaki mashuhuri, aliamini kwamba pafu ni tezi inayoisukuma oksijeni kwa nguvu zake kuiingiza damuni, kama tezi za mate zinavyotoa mate. Mwanafunzi wake, August Krogh, pamoja na mkewe Marie Krogh, aliyekuwa daktari, walipima upya kwa vifaa makini zaidi, na mwaka 1910 wakachapisha mfululizo wa makala yaliyothibitisha kwamba pafu halisukumi chochote. Gesi huvuka zenyewe, zikitoka zilikobanana kwenda ziliko haba. Hali hiyo huitwa usambaaji, nayo ni ileile inayolifanya tone la wino kuenea katika bilauri ya maji yaliyotulia bila kukorogwa na mtu. Kumpinga mwalimu wake hadharani hakukuwa rahisi kwa Krogh, lakini vipimo vilisimama.

Hapa Kiswahili kina neno la kujivunia. Vitabu vya sayansi vya Tanzania hutumia istilahi kanieneo, yaani kani inayosukuma juu ya eneo fulani. Neno lenyewe limebeba fasili yake. Mwanafunzi anayelisikia mara ya kwanza anaweza kukisia maana, jambo ambalo mwenzake anayejifunza dhana iyo hiyo kwa Kiingereza hawezi kulifanya kwa kulitazama neno tu. Nchini Kenya neno shinikizo limezoeleka zaidi, nalo halina ubaya, ila limeegemea kwenye maana ya kulazimishwa na kwa hivyo halidokezi eneo.

Pwani, kwa mfano Mombasa, hewa yote kwa jumla ina kanieneo ya milimita 760 za zebaki. Kila gesi huchangia kwa kadiri ya wingi wake, hivyo fungu la oksijeni ni kama 160. Hewa ikishaloweshwa na unyevu wa njia, fungu hilo hushuka hadi 150, na ikishachanganyika na hewa ya zamani iliyosalia vifukoni huwa takriban 100. Damu inayofika kutoka mwilini, iliyokwisha kuigawa oksijeni yake, ina 40. Kutoka 100 hadi 40 ni mteremko mkali, na oksijeni huufuata. Kabonidioksidi huenda kinyume, kutoka 45 au 46 damuni hadi 40 kifukoni. Tofauti hii ni ndogo mno, lakini inatosha, kwa kuwa kabonidioksidi huyeyuka katika majimaji ya utando vizuri zaidi na hivyo huvuka kwa wepesi wa takriban mara 20. Seli nyekundu ya damu hupita katika kapilari ya pafu kwa karibu robo tatu ya sekunde. Shughuli yote ya kubadilishana huwa imekamilika katika robo ya kwanza, na muda uliobaki ni akiba ya wakati wa kukimbia, damu inapoongeza kasi.

Mteremko huo ukieleweka, masimulizi ya milimani nayo hueleweka. Husemwa kwamba mlimani hakuna oksijeni. Si kweli, kilele cha Mlima Kenya kina asilimia 21 ileile iliyopo Mombasa. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa nzima, na fungu la oksijeni hupungua nayo. Mjini Iten, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400, oksijeni katika bomba la pumzi huwa na kanieneo ya kama 110 badala ya 150. Katika Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa yote huzidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Mwili wa mkazi wa nyanda za juu hujibu kwa kutengeneza seli nyekundu zaidi, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wanariadha wa mataifa mengi kwenda Iten kufanya mazoezi.

Kauli nyingine inayohitaji kurekebishwa ni ile ya darasani, kwamba binadamu huvuta oksijeni na kutoa kabonidioksidi. Pumzi inayotoka bado ina oksijeni asilimia 16 hivi, na kabonidioksidi yake ni asilimia 4 tu. Lau binadamu angetoa kabonidioksidi tupu, kumpulizia pumzi mdomoni mtu aliyezama majini kungekuwa kumuua mara ya pili.

Vifuko visivyoporomoka

Lipo jambo moja ambalo huachwa nje ya maelezo mengi ya shuleni. Vifuko vya hewa vimelowa ndani, na maji yana tabia ya kujivuta pamoja. Ndiyo maana tone hujikunja likawa duara. Kifuko kidogo kilicholowa maji matupu kingejikunja na kujifunga kila mtu anapotoa pumzi, na pumzi inayofuata ingehitaji nguvu nyingi mno kukifungua. Kinachokinga ni majimaji mfano wa sabuni yanayotolewa na seli za vifuko vyenyewe, ambayo hulegeza mvuto huo. Huitwa safaktanti. Mtoto tumboni huanza kuitengeneza ya kutosha katika wiki za mwisho mwisho za mimba, hivyo anayezaliwa kabla ya wakati huzaliwa akiwa na mapafu kamili yasiyofunguka.

Mary Ellen Avery na Jere Mead, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 1959 kwamba watoto njiti waliofariki kwa kushindwa kupumua walikosa safaktanti. Maarifa hayo hayakuwa yamezaa tiba bado mwezi Agosti mwaka 1963, pale Patrick, mwana wa Rais John F. Kennedy, alipozaliwa kabla ya wakati na kufariki baada ya siku 2 kwa maradhi hayo hayo. Utajiri na mamlaka ya Ikulu ya Marekani havikuweza kuvifungua vifuko vyake. Mwaka 1980 daktari wa Kijapani, Tetsuro Fujiwara, alitangaza mafanikio ya kuwatilia watoto njiti safaktanti moja kwa moja kwenye bomba la pumzi, na tangu hapo tiba hiyo imeenea.

Damu na viti vyake

Oksijeni ikishauvuka utando haiwezi kusafiri peke yake. Lita moja ya majimaji ya damu huweza kuyeyusha mililita 3 tu za oksijeni. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma lita 5 za damu kwa dakika. Kwa njia hiyo mwili ungepata mililita 15, ilhali unahitaji 250. Pengo hilo huzibwa na himoglobini, protini iliyomo ndani ya seli nyekundu, ambayo huifanya lita ile ile ya damu kubeba takriban mililita 200.

Himoglobini inafanana na teksi yenye viti vinne. Abiria mmoja akishaketi, viti vilivyosalia huwa rahisi zaidi kukaliwa, kwa kuwa umbo la protini hubadilika. Kwa hiyo pafuni, penye oksijeni tele, teksi hujaa upesi. Ikifika msulini, penye kabonidioksidi, asidi na joto, himoglobini hulegeza mkono na abiria hushuka. Ulegezaji huo uligunduliwa na yule yule Christian Bohr mwaka 1904, na bado unaitwa kwa jina lake. Kukosea kwake kuhusu pafu hakukumpokonya heshima hiyo. Kabonidioksidi nayo, katika safari ya kurudi, haikai sana vitini. Sehemu kubwa yake hugeuzwa kuwa bikaboneti na kusafiri ikiwa imeyeyuka, kisha hugeuzwa tena kuwa gesi mapafuni.

Maradhi mengi ya kifua na damu hupata mahali pake katika mnyororo huu. Pumu hubana njia, vifuko vikiwa salama. Nimonia hujaza vifuko majimaji na usaha. Moshi wa sigara wa miaka mingi hubomoa kuta kati ya kifuko na kifuko, na sakafu ile ya mita mraba 70 hupungua. Upungufu wa damu huacha pafu zima na hewa tele, ila teksi ni chache. Limebaki jambo moja, nalo ni la jiko.

Abiria asiyeshuka

Makaa yanapoungua penye hewa ya kutosha hutoa kabonidioksidi. Yanapoungua penye hewa haba, kama ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, hutoa pia monoksidi ya kaboni, ambayo kila molekuli yake ina atomi moja tu ya oksijeni badala ya mbili. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Huvuka utando wa pafu kwa urahisi uleule wa oksijeni, ikafika kwenye himoglobini, ikaketi katika kiti kilekile. Tofauti ni kwamba hukishikilia kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 hadi 250.

Hesabu yake inatisha. Ikiwa mvuto wake ni kama mara 210 ya ule wa oksijeni, basi hewa yenye monoksidi sehemu moja tu katika 1,000, yaani asilimia 0.1 dhidi ya asilimia 21 ya oksijeni, inatosha kuchukua nusu ya viti vyote iwapo mtu ataivuta kwa muda mrefu. Tena madhara hayaishii kwenye nusu hiyo. Himoglobini iliyokaliwa na monoksidi huing'ang'ania hata oksijeni michache iliyobaki, isiiachilie msulini wala ubongoni. Hii ndiyo sababu mgonjwa aliyepungukiwa na nusu ya damu yake polepole huweza bado kutembea kwa kujikokota, ilhali mtu ambaye nusu ya himoglobini yake imetekwa na monoksidi huwa amepoteza fahamu au yu karibu na kufa.

Mskoti John Scott Haldane alilithibitisha jambo hili mwaka 1895. Aliivuta gesi hiyo yeye mwenyewe, akipima damu yake kadiri alivyozidi kulegea. Aidha alimweka panya ndani ya chombo chenye monoksidi pamoja na oksijeni iliyoshindiliwa kwa kanieneo maradufu ya hewa ya kawaida. Panya hakufa. Himoglobini yake ilikuwa haina kazi tena, lakini oksijeni iliyoyeyuka katika majimaji ya damu ilimtosha. Ilidhihirika basi kwamba monoksidi huua kwa kuziba viti. Haldane ndiye pia aliyependekeza wachimba migodi ya makaa ya mawe waende chini na ndege wadogo, ambao huzidiwa na gesi hii kabla ya binadamu.

Kwa nini aliyelala haamki? Jibu limo katika namna mwili unavyoamrishwa kupumua. Kitovu cha amri hiyo kipo kwenye shina la ubongo, nacho husikiliza zaidi wingi wa kabonidioksidi damuni kuliko uchache wa oksijeni. Ile hamu isiyovumilika ya kuvuta pumzi, anayoihisi mtu aliyejibana pua, huletwa na kabonidioksidi inayojikusanya. Mtu anayevuta monoksidi huendelea kuitoa kabonidioksidi yake kama kawaida, na oksijeni iliyoyeyuka katika majimaji ya damu haijapungua. Vipimo vyote vya ndani vinasema mambo ni shwari. Huhisi labda kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na uchovu unaomshawishi kuendelea kulala. Hahisi kukosa pumzi, kwa kuwa pumzi hajaikosa.

Wanaomkuta huweza kudanganyika pia. Aliyekosa oksijeni kwa kawaida huwa na midomo ya samawati. Damu yenye monoksidi, kinyume chake, huwa nyekundu ya kung'ara. Hata kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, alichokibuni Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974 na ambacho ugonjwa wa Uviko-19 ulikifanya kijulikane sana kuanzia mwaka 2020, huipima oksijeni kwa kuangalia rangi ya damu. Kifaa cha kawaida cha aina hiyo hushindwa kutofautisha kiti kilichokaliwa na oksijeni na kile kilichokaliwa na monoksidi, kikaonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekata roho.

Jina la kuiitia

Katika taarifa za habari, kabonidioksidi huitwa hewa ukaa au hewa ya ukaa. Jina hili ni zuri kwa sura. Limejengwa kwa mashina ya Kiswahili na limepokelewa. Tatizo ni kwamba ukaa humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye makaa. Akiambiwa kwamba hewa ukaa ndiyo aitoayo puani kila siku, na kwamba miti huihitaji, ana haki ya kujiuliza jiko lina ubaya gani wa pekee. Gesi isiyomdhuru katika pumzi yake na gesi inayomuua kitandani zimefungwa katika jina moja, au tuseme ya pili haina jina kabisa.

Istilahi za kitaalamu zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Tanzania imewafundisha watoto wengi wa shule za msingi sayansi kwa Kiswahili. Kenya hufundisha somo hilo kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi wake hukutana na gesi hizi mbili katika lugha ambayo bibi yake kijijini haitumii, na mara nyingi maarifa huishia kwenye karatasi ya mtihani. Tena tofauti ya mono na di, ambayo hapa imebeba uhai na mauti, haimwambii kitu asiyejua kwamba viambishi hivyo vya Kigiriki humaanisha moja na mbili.

Kwa matumizi ya kitaalamu, monoksidi ya kaboni itoshe. Kwa matangazo ya umma panahitajika jina jingine. Gesi ya jiko haitafaa, kwa kuwa nchini Kenya gesi tayari ni ile ya mtungi ya kupikia, na tangazo lingesomwa kinyume. Moshi ndilo neno baya kuliko yote, maana humfanya mtu asubiri kuona moshi ndipo aogope, na makaa yaliyokolea hayatoi moshi. Sumu ya makaa inaelekea kuwa na nguvu zaidi: inataja chanzo, inataja hatari, na haidai kuonekana wala kunuswa. Upungufu wake ni kwamba gesi hiyo hiyo hutoka pia katika injini za magari na jenereta, na wanaistilahi watakaolichukua suala hili watapaswa kuupima upungufu huo.

Kwa jina hilo, maelezo ya uokoaji huwa mafupi. Anayekutwa katika chumba chenye sumu ya makaa atolewe nje kwanza, hata kabla ya kuulizwa lolote, naye anayemtoa asikae humo. Akiwa kwenye hewa ya kawaida, monoksidi iliyo damuni mwake huchukua saa 4 hadi 5 kupungua kwa nusu. Akipewa oksijeni safi hospitalini, muda huo hushuka hadi saa 1 au 1 na nusu, kwa sababu oksijeni ikiwa nyingi mno kifukoni hupata nafasi ya kugombea viti na kuwashusha abiria wale mmoja baada ya mwingine. Watokao hurudi kwa njia ile ile waliyoingilia, kutoka kwenye himoglobini hadi kwenye majimaji ya damu, wakauvuka utando, wakaingia kifukoni, wakatoka na pumzi.